Baba anasema "mimi nimekwisha": je, huu ni uzee au ni ugonjwa?

Mwana wa Nansio (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu jambo linalotunyima usingizi mimi na mke wangu. Baba yangu ana miaka 74. Maisha yake yote ameyaishi kisiwani Ukerewe akiunda mitumbwi na kuvua, na mwili ulipoanza kuchoka akabaki na shamba la mihogo na michungwa michache. Mama alifariki mwaka juzi. Baada ya matanga, sisi watoto tulikaa, tukaona haifai abaki peke yake, tukamleta hapa Mwanza, nyumbani kwangu Bugarika.

Kwa anayetutazama kutoka nje, baba hakosi kitu. Chakula kipo, ana chumba chake, na wajukuu wanamheshimu. Hata hivyo si mtu yule tuliyemfahamu. Huamka usiku wa manane na kukaa kitandani mpaka kunakucha. Ugali anauonja na kuusogeza. Redio, ambayo kisiwani haikuwahi kuzimwa, sasa haiulizii. Hulalamika kwamba miguu inawaka moto na kifua kinambana, nasi tumempeleka zahanati zaidi ya mara moja na kurudi na dawa za maumivu. Tukimuuliza anahitaji nini, hujibu kwa sauti ya chini: "Mimi nimekwisha, ninawamalizia chakula tu." Hivi karibuni alimpa kaka yangu saa yake ya mkononi, akatuambia pia kwamba shamba la kisiwani tuligawane mapema.

Kaka anasema huo ni uzee na tumwache apumzike. Mzee wa kanisa alikuja kumwombea, na tunamshukuru kwa kuwa siku ile baba alitulia, lakini kesho yake hali ilirudi palepale. Ninauliza mambo mawili. Je, kukata tamaa kwa namna hii ni sehemu ya uzee ambayo familia inapaswa kuivumilia? Na mtoto anawezaje kumuuliza baba yake mambo ya moyoni bila kumvunjia heshima, ilhali kwetu baba haulizwi huzuni zake na mwanawe?

Tabibu wa Ziwani

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mzee pole zangu kwa kuondokewa na mwenzake. Nimefanya kazi ya utabibu katika wilaya za kandokando ya Ziwa Victoria kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: hapana, kukata tamaa si sehemu ya uzee. Uzee huleta magoti mazito, mtoto wa jicho na usingizi mfupi, lakini mzee ambaye moyo wake ni mzima bado huulizia mvua, hubishana kuhusu bei ya dagaa na hutaka kujua nani ameposwa. Mtu anaposema amekwisha, akawa hivyo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku akipoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo aliyoyapenda, hali hiyo tunaiita sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na kuendelea wanaishi na tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi. Kwa hiyo baba yako hayuko peke yake.

Msiba unahusika, lakini huzuni ya msiba ina tabia yake. Mfiwa hulia akikumbushwa, kisha akasimuliwa kisa cha marehemu na kucheka. Humlilia aliyeondoka, wala hajidharau yeye mwenyewe. Baba yako hasemi tu kwamba anamkumbuka mama yenu. Anasema yeye mwenyewe hana thamani na kwamba ni mzigo wa chakula. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Kipo kipimo cha maswali kilichotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 mahususi kwa wazee, na toleo lake fupi lina maswali 15 ya kujibiwa ndiyo au hapana. Watungaji waliyaacha kwa makusudi maswali ya maumivu ya mwili, kwa kuwa mwili wa mzee huuma hata akiwa na furaha, wakauliza kama anaona maisha yake ni matupu, kama anajiona hana thamani jinsi alivyo sasa, kama anaona hali yake haina matumaini. Huku kwetu mambo huenda kinyume: mwanamume mzima hajazoea kumweleza daktari huzuni yake, kwa hiyo hueleza miguu na kifua, na akikutana na mhudumu mwenye foleni ndefu hupewa dawa ya maumivu na kuondoka. Msiidharau miguu hiyo, hata hivyo. Apimwe sukari, kwa sababu kisukari huchoma miguu na pia huambatana na sonona mara kwa mara. Apimwe presha, wingi wa damu na, inapowezekana, tezi ya shingoni, ambayo ikilegea humfanya mtu mzito na mwenye huzuni. Kifua nacho kichunguzwe. Macho na masikio yaangaliwe. Nimewaona wazee waliodhaniwa wamechanganyikiwa au wamenuna, kumbe walikuwa hawasikii mazungumzo ya mezani.

Lililo la haraka kuliko yote ni hili. Kugawa saa na kuharakisha mirathi kunaweza kuwa busara ya mzee anayepanga mambo yake, lakini kwa mtu asiyelala na anayesema amekwisha, ni dalili ya kushughulikiwa leo. Aulizwe waziwazi, kwa upole, kama huwa anafikiria kuyakatisha maisha yake. Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii wazo, mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mazao ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili, na mkianzia Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure wanaweza kumpima na kumwelekeza huko.

Kuhusu dawa, zipo, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo familia isikate tamaa mapema wala kuzisimamisha ghafla. Mwambieni daktari kama mzee ana shida ya tezi dume au kama amewahi kuanguka. Amitriptilini, ambayo imezoeleka sana, inaweza kumzuilia mkojo mwanamume mzee, kumletea kizunguzungu na kumwangusha, na ninyi mnakaa kwenye mawe ya Bugarika. Dawa peke yake haitoshi, lakini hilo nawaachia wengine waliseme.

Babu wa Igoma

Mwanangu, mimi nina miaka 71, ni mstaafu wa reli, na nimeandika hapa kwa sababu nimeyasikia maneno ya baba yako nikayatambua.

Mlimtoa kisiwani kwa upendo, sina shaka na hilo. Lakini jiulize: katika kikao kile cha baada ya matanga, yeye alisema nini? Sisi wazee huumizwa sana na kikao kinachotuzungumzia tukiwa tumekaa palepale. Tukishahamishwa hivyo, kila neno la huruma linatukumbusha kwamba hatuna usemi tena. "Pumzika, mzee." "Usijisumbue, mzee." Mtu aliyekuwa akiamua siku ya kushusha mtumbwi majini, leo hachagui hata kitoweo.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalioni, nalo ni fedha ndogo ya mfukoni. Sizungumzii fedha ya kununulia dawa, hiyo mnalipa. Nazungumzia ile ya rambirambi, ya sadaka, ya kumpa mjukuu anunue andazi. Mtaani kwetu msiba ukitokea, daftari hupita na jina la kila mtu huandikwa na alichotoa. Mzee asiye na chochote cha kuandikisha huanza kusema miguu inamuuma, anabaki ndani, kisha watu wanazoea kutomwona, na yeye anazoea kutoonwa. Zanzibar walianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, hata kwa yule ambaye hakuwahi kuajiriwa. Si fedha nyingi, lakini ni yake na haombi kwa mtoto. Huku bara mvuvi na mkulima hawana kitu kama hicho, kwa hiyo ninyi watoto changeni kiasi, mumkabidhi mwanzoni mwa mwezi, na msimuulize ameitumiaje.

Halafu ule mlima. Nimepanda Bugarika nikiwa kijana na najua ngazi zile za mawe zilivyo. Kwa mguu wa miaka 74, nyumba ya juu ni kifungo. Mtafutieni siku maalumu ya kushuka, kijana amshike mkono, kisha bajaji imchukue barabarani hadi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Kirumba na Igombe wapo vijana wanaounda na kukarabati mitumbwi. Asipelekwe kufanya kazi. Apelekwe akae kivulini, aangalie mbao, aone mahali maungio yalipozibwa vibaya. Atasema tu, hawezi kujizuia, na fundi mwenye akili atamsikiliza.

Swali lako la pili ni zuri. Kweli, mwana hamuulizi baba yake huzuni zake. Lakini babu na mjukuu wana utani wao, na dada yake aliyezaliwa naye anaweza kumuuliza lolote. Tumieni njia hizo.

Mwana wa Nansio

Shikamoo, mzee wangu, na asante sana, Tabibu. Baada ya kusoma nilimpigia shangazi, dada yake baba, ambaye yuko Nansio kule kisiwani, naye akazungumza naye kwa Kikerewe kwa muda mrefu. Baba amemwambia kwamba hana mpango wa kujidhuru, ila kila usiku humwomba Mungu amchukue. Amemwambia pia kwamba anaona aibu kutuambia turudie maneno kwa kuwa sikio la kushoto halisikii, na kwamba tangu afike hapa hana mtu wa kuzungumza naye lugha yake isipokuwa mimi, ambaye narudi usiku. Wajukuu hawaijui. Sumu ya panya nimeiondoa, na tumepanga kumpeleka hospitali kesho. Anachotaka yeye ni kurudi kisiwani. Kaka hataki hata kulisikia hilo.

Binti wa Misungwi

Poleni, na shikamoo, Mzee wa Igoma. Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mzee amesema kinachoua moyo ni kutohitajiwa, na kwa wanaume wengi naamini ni kweli. Kwa bibi zetu mara nyingi ni kinyume. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wanawake wengi wa ukanda huu wa ziwa walizika watoto wao na kuanza upya kulea wajukuu. Bado wapo wanaolea mpaka leo, sasa wajukuu wa watoto waliokwenda mijini au migodini. Bibi wa namna hii anahitajiwa kuanzia alfajiri hadi usiku. Anateka maji, anapika, anahangaika na sare za shule, na kwa sababu anaonekana ana shughuli, hakuna anayemuuliza kama bado anaona kesho. Kukata tamaa kwake hakumlazi kitandani; kunaonekana anapoacha kwenda kwenye kikundi, anapoacha kujipaka mafuta, anaposema ataishi mpaka mtoto huyu amalize darasa la saba, basi.

Na katika vijiji vya Usukumani kuna hofu. Wanawake wazee wameuawa katika mikoa yetu kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo yameletwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka mingi ya kupika. Bibi anayejifungia ndani jioni na kuacha kutembelea majirani anaweza kuonekana mwenye sonona, kumbe anajilinda. Kumwambia ajichanganye na watu, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kuhakikisha usalama wake, ni kumtwika hatari. Msaada wa kwanza kwake ni watu wa kusimama naye hadharani, na jiko lenye moshi mdogo.

Mtumishi wa Ustawi

Ninafanya kazi ya ustawi wa jamii, na nimefurahi kwamba familia imechukua hatua haraka. Kesho mnapokwenda hospitali, bebeni kitambulisho cha mzee na barua ya serikali ya mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo, lakini utambuzi huo huanzia mtaani kwenu. Ulizieni dirisha la wazee. Mwambieni daktari kuhusu sikio kabla ya mambo mengine yote. Wakati mwingine ni nta tu iliyojaa, na ikitolewa mzee hurudi kwenye mazungumzo siku hiyohiyo.

Nimependa kwamba shangazi ndiye aliyefanikiwa. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kuwasikiliza wenye huzuni nzito wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hao hawakuwa wauguzi. Walimwacha mtu aeleze, wakamsaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua moja ya kulikabili, kisha wakamfuatilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shangazi anaweza kufanya hivyo kwa simu, siku zilezile kila wiki, kwa Kikerewe. Nanyi mpeni baba spika ya simu yenye sauti kubwa.

Wajukuu nao wana nafasi. Mwaka 1963 daktari wa Marekani Robert Butler aliandika kwamba mzee anaporudia visa vya zamani anafanya kazi muhimu ya kuyapitia maisha yake, na wanaomhudumia wasimkatize. Mjukuu mmoja achukue simu amrekodi babu akieleza namna ya kuchagua mti wa mtumbwi, kwa lugha yake kwanza, kisha kwa Kiswahili. Mtoto atajifunza maneno, na babu atakuwa mwalimu.

Kuhusu kurudi kisiwani, naelewa hofu ya kaka, lakini ombi la mzee lisikataliwe kwa sababu tu limetoka kwa mgonjwa. Nimeona familia zinazompandisha mzee meli ya Nansio ili kumaliza lawama, akafika kwenye nyumba iliyofungwa, akakaa na kitanda cha marehemu peke yake. Hilo lisitokee. Subirini daktari amwone na, kama ataanzishiwa dawa, zipite wiki kadhaa mkimwona analala na kula. Kisha aende kwanza kwa matembezi, akifuatana na mmoja wenu, akae kwa shangazi na si kwenye nyumba ya zamani, aone kaburi la mama, aone michungwa yake. Yeye mwenyewe aseme baada ya hapo. Akichagua kubaki huko, mkubaliane kabla ya meli kuondoka ni nani atakayelala naye nyumba moja, nani atakayemfuatilia dawa na kumleta kliniki tarehe ikifika, na fedha yake ya mwezi itapitia simu ya nani. Kikao hicho kifanyike yeye akiwapo, na kaka yako amkalie upande wa kulia, sikio lilipo zima.